Niliyojifunza Kwenye Chai ya Saa Nne

Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu, kitengo cha kuorodhesha vitabu. Mengi ninayoyajua kuhusu kazi hii nimeyapata kwa wenzangu, kikombe mkononi.

1. Rafiki hukufundisha yasiyo kwenye mwongozo. Mfumo wa Dewey unaipa lugha ya Kiswahili namba 496.392, na fasihi yake 896.392. Hauelezi kwamba mwanafunzi atamtafuta Shaaban Robert kwenye S, ilhali katalogi nyingine zimemweka kwenye R, kana kwamba Robert ni jina la ukoo. Robert ni jina la baba yake. Dada ninayekaa naye meza moja alivuta kiti, akafungua rekodi moja baada ya nyingine, akanionyesha namna ya kuweka rejeo ili anayetafuta kwa jina lolote kati ya hayo afike. “Kwanza jiulize wasomaji wake wanamwitaje,” aliniambia. Hadi leo naanza na swali hilo.

2. Msikilize mhudumu. Ndiye anayejua tasnifu za zamani zilihamishiwa chumba gani, na rafu ipi hunyeshewa masika yakianza.

3. Ujuzi hupita palipo na kuaminiana, na kuaminiana hakuletwi na semina. Mtu uliyekesha naye msibani, au aliyechangia harusi ya mdogo wako, huoni haya kumuuliza jambo ambalo pengine ulipaswa kulijua zamani. Kundi la WhatsApp la idara lina kazi yake, rambirambi na pongezi, lakini sijaona mtu akiuliza humo swali linalomtia aibu.

4. Tusingoje sherehe ya kuagana. Hapa Tanzania mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma huenda hadi 65. Kwa hiyo tarehe inajulikana mapema, na bado tunamkatia mzee wetu keki na kumvisha khanga kabla hatujakaa naye hata wiki moja kwenye kabati lake la majalada. Hili linaniuma. Angepewa kijana wa kufuatana naye mwaka mzima wa mwisho, na muda huo uhesabiwe kuwa kazi.

5. Mwajiriwa mpya aitwe chai siku ya kwanza. Asiachwe asubiri kuzoeleka.