SOMO LA SHERIA: Notari ni Nani, na Muhuri Wake Una Kazi Gani?

Wakulima wengi wa Ewuaso Kedong, na wa kwingine katika Kajiado, wanashika hati za mashamba yao wenyewe, kwa kuwa ranchi nyingi za vikundi, zilizoundwa chini ya sheria ya 1968, ziligawanywa. Mwenye hati hujiwa na wanunuzi, nao huja na karatasi zenye mihuri. Basi yafaa kila mkulima ajue muhuri ni wa nani.

Mtu hupataje kuwa notari?

1. Kwanza awe wakili. Husoma sheria katika chuo kikuu, kisha katika Chuo cha Sheria cha Kenya kilichoko Karen, Nairobi, na kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu. Akifaulu huapishwa mbele ya Jaji Mkuu.
2. Awe na cheti cha kufanya kazi ya uwakili, ambacho hutolewa upya kila mwaka.
3. Awe amefanya kazi hiyo kwa miaka isiyopungua 5.
4. Ateuliwe na Jaji Mkuu.

Kamishna wa viapo naye ni wakili aliyeteuliwa na Jaji Mkuu. Yeye huapisha watu na kushuhudia hati za kiapo. Lazima aandike mahali na tarehe ya kiapo, wala haruhusiwi kuapisha katika shauri ambalo yeye mwenyewe ni wakili wa upande mmoja. Notari hutumika zaidi kwa hati zinazovuka mipaka. Mathalani, mwana aliyeko Uingereza akitaka kumpa baba yake uwezo wa kusimamia ploti, aweza kutia sahihi mbele ya notari wa huko.

Sasa sikilizeni vema: muhuri hauuzi shamba. Hushuhudia tu kwamba fulani alikuja, akajulikana, akatia sahihi. Kabla ya kuuza au kununua, fanyeni haya:

– Mapatano yaandikwe, na shahidi awepo sahihi zinapotiwa.
– Asiyejua kusoma asomewe hati yote kwa lugha aielewayo, ndipo atie kidole gumba.
– Msitie sahihi karatasi yenye nafasi tupu.
– Ombeni kibali cha bodi ya ardhi katika muda wa miezi 6 tangu kupatana. Sheria ya 1967 yasema kwamba mapatano ya shamba la kilimo yasiyopata kibali hubatilika.
– Chunguzeni hati kwa msajili wa ardhi. Uliza pia kwa Chama cha Mawakili kama wakili huyo ana cheti cha mwaka huu.

Mkulima asiyeuliza leo, kesho aweza kukuta ng'ombe wake nje ya seng'enge ya mtu mwingine.

Maswali ya kujipima

1. Nani humteua notari?
2. Muhuri hushuhudia nini?
3. Kibali cha bodi huombwa katika muda gani?