SOMO: MAJI YANAYODONDOKA GHALANI PASIPO MVUA

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kama vile Iringa, Njombe na Mbeya, mahindi mengi huingizwa ghalani katika miezi ya baridi, wakati ambapo mchana kuna jua na usiku kuna baridi kali. Ndipo makatibu wa vyama hupata lalamiko la ajabu: asubuhi magunia ya juu yamelowa, hali mvua haikunyesha. Mara nyingi kamati huagiza matundu ya misumari yazibwe kwa lami. Fedha hutumika, na usiku wa pili maji hudondoka tena.

Asili ya maji hayo

Maji hayo hayatoki nje; hutoka ndani ya ghala lenyewe. Hewa hubeba unyevu usioonekana kwa macho, na hewa ya joto hubeba unyevu mwingi kuliko hewa ya baridi. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 za Sentigredi huweza kubeba gramu 30 hivi za maji. Ikipoa hadi nyuzi 15, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 hivi. Usiku bati hupoa upesi kuliko ukuta wa matofali. Hewa ya ndani inapoligusa hupoa nayo, na unyevu iliyoshindwa kuubeba hugeuka matone, kama jasho la mfuniko wa chungu.

Unyevu huo huletwa hasa na mazao. Mahindi ya kuhifadhiwa hayapasi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Katika gunia la kilo 100, kila asilimia moja ni takriban lita moja ya maji. Chama kinachopokea magunia 1,000 yaliyozidi kiwango kwa asilimia tatu, kimeingiza ghalani lita 3,000 hivi za maji, yaani mapipa 15 ya lita 200. Tena kimeyalipia kwa bei ya mahindi.

Hasara yake

Mahindi yaliyolowa huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Basi jambo hili si la bei peke yake.

Mambo ya kutenda

1. Kinga ya kwanza ni mizani. Mazao yapimwe unyevu kabla ya kupokelewa. Pasipo kipimo, mahindi kidogo na chumvi kavu vitiwe katika chupa kavu na kutikiswa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi yamezidi asilimia 15, nayo yarudishwe kuanikwa. Chumvi isipogandamana, bado yaweza kuwa yamezidi 13.5, kwa hiyo chama kijitahidi kupata kipimo.

2. Hewa ipewe njia: matundu chini ya mapaa na kileleni, yenye wavu wa kuzuia ndege na panya. Milango ifunguliwe mchana mkavu, ifungwe jioni na wakati wa mvua.

3. Magunia yapangwe juu ya chaga za mbao, meta moja kutoka ukutani na meta moja chini ya paa.

4. Magunia yasifunikwe kwa nailoni ili kuyakinga na matone, kwa maana nailoni huzuia pumzi ya mazao, nayo hutoa jasho chini yake.

5. Chama kinachojenga ghala jipya kitandaze nailoni nzito chini ya sakafu ya zege, ili unyevu wa ardhi usipande.

Mwanachama anayerudishwa na mzigo wake hunung'unika, hasa akiwa ametoka mbali. Katibu amweleze kwa upole, wala asimpendelee mtu, hata akiwa mjumbe wa kamati. Magunia mabichi ya mmoja huloweshea wote mazao yao.

Maswali ya kujadiliwa

1. Je, ghala la chama chenu hutoa maji usiku usio na mvua?
2. Ni nani anayepima unyevu siku ya kupokea mazao, na kwa njia gani?
3. Mwanachama asiye na mahali pa kuanikia asaidiweje?