Mstaafu wa Eastlands, mbu wa kwenu hawakujui tena

Ukipita mitaa ya Buruburu, Umoja, Jericho, Makadara au Kayole utakutana na mabwana na mabibi wengi waliofika Nairobi wakiwa vijana, wakafanya kazi miaka thelathini au zaidi, wakalea na kusomesha watoto, na sasa wamestaafu. Mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na umri wa miaka 60, tangu umri huo ulipoongezwa kutoka 55 mwaka 2009. Katika umri huo wengi bado wana nguvu, na hakuna tena mkubwa wa kuombwa ruhusa. Basi huanza kutembea. Mwezi huu wanaenda Busia kuangalia boma, mwezi ujao wako Kilifi kwa binti aliyeolewa huko, kisha wanaitwa Homa Bay kwa mazishi ya shemeji.

Hilo ni jambo jema. Kutembea huondoa upweke, huunganisha jamaa na huuchangamsha mwili uliozoea kukaa. Lakini kuna hatari moja ambayo wengi wa wasafiri hawa hawaijui, nayo inaweza kumwua mtu mzima mwenye afya katika muda wa siku chache. Hatari hiyo ndiyo somo letu la leo.

Kinga iliyopotea

Mtu aliyezaliwa Busia, Siaya, Kwale au Kilifi aliumwa na mbu wenye malaria tangu utotoni. Aliugua mara nyingi, na kila alipopona mwili wake ulijifunza kidogo namna ya kupambana na vijidudu vya ugonjwa huo. Alipofika ujana, kuumwa na mbu kulimletea maumivu ya kichwa na uchovu wa siku mbili, si zaidi. Kinga hiyo haikuwa kamili, lakini ilimwepusha na kifo.

Kinga ya namna hiyo ni kama askari. Asipofanya mazoezi husahau kazi yake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huvifanya vijidudu vya malaria vishindwe kukomaa vyema ndani ya mbu. Ndiyo sababu maambukizi hapa mjini ni machache sana, na wengi wanaopatikana na malaria katika zahanati zetu huwa wametoka safari. Kisumu iko mita 1,130 hivi, na Mombasa iko ufuoni mwa bahari. Huko kuna joto, na joto ndilo rafiki wa malaria.

Basi mtu aliyeishi Eastlands miaka thelathini, akienda kwao Krismasi tu, amepoteza sehemu kubwa ya kinga aliyokuwa nayo. Utamsikia akisema, "Mimi ni mzaliwa wa huko, mbu wa kwetu wananijua." Mbu hamjui mtu. Mwili wa mstaafu huyo ni mgeni kwao, na unapaswa kutunzwa kama mgeni.

Fikiria pia mke aliyezaliwa Nyeri, nyanda za juu zenye baridi, akaolewa na mtu wa Siaya na kuishi naye Umoja maisha yake yote. Yeye hajapata kuwa na kinga hata siku moja. Hali kadhalika wajukuu waliozaliwa Nairobi na wanaofuatana na babu na nyanya wakati wa likizo. Isitoshe, mtu aliyepita miaka 60, hasa mwenye presha, kisukari au figo dhaifu, huzidiwa na malaria upesi kuliko kijana.

Kabla ya kuondoka

Mwone daktari wiki mbili kabla ya safari, nyote wawili. Mwambie mnakokwenda na mtakaa muda gani. Kuna dawa za kuzuia malaria ambazo wageni humeza. Doksisaiklini humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kusafiri, na kuendelea kwa wiki nne baada ya kurudi. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili humezwa kila siku pia, lakini huachwa siku saba baada ya kurudi. Dawa hizi haziwafai watu wote, wala haziendi vyema na kila dawa ya presha au ya moyo. Kwa hivyo usijichagulie dukani.

Wengine wameniuliza kuhusu chanjo ya malaria. Ni kweli kwamba chanjo ilianza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, lakini ni ya watoto wadogo. Wewe na mwenzako bado mnategemea chandarua. Chukueni chenu kilichotiwa dawa, mkikunje na kukitia katika mkoba. Usitegemee kile cha mwenyeji, kwani huenda kimetoboka au kinatosha kitanda kimoja tu.

Kama unatumia dawa za kila siku, beba za muda wote wa safari na za wiki moja zaidi. Zigawe katika mikoba miwili, ili mmoja ukipotea usikose zote. Andika majina ya dawa na vipimo vyake katika karatasi, uiweke pamoja na kitambulisho. Daktari wa mashambani hawezi kujua "kile kidonge kidogo cheupe" ni kipi.

Anayetumia insulini asiiweke katika mzigo unaopakiwa chini ya basi au juu ya paa, kwani joto huiharibu. Aibebe mkononi, mahali penye kivuli, bila kuigusanisha na barafu, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena. Chupa inayotumika inaweza kukaa nje ya friji wiki nne hivi mahali pasipo na joto kali. Kama nyumbani hamna friji, mtungi wa udongo wenye maji kidogo chini, uliowekwa kivulini, hupunguza joto vizuri. Chupa yenyewe itiwe katika mfuko usiopenyeza maji.

Mkiwa njiani

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480 kwa barabara, na basi huchukua saa nane au zaidi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti kwamba kusafiri kwa saa nne au zaidi mtu akiwa amekaa huongeza mara mbili hivi hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Hatari hiyo bado ni ndogo kwa watu wengi, lakini huwa kubwa zaidi kwa wazee, kwa wanene, na kwa waliofanyiwa upasuaji karibuni. Bonge la damu likichomoka mguuni laweza kufika mapafuni na kuua.

Dawa yake ni rahisi. Usirundike mizigo chini ya miguu yako. Iache nafasi uinyooshe. Kila nusu saa, inua visigino na kuvishusha mara ishirini. Basi likisimama Mtito Andei, au Nakuru kwa wanaoelekea magharibi, shuka utembee hata kama huna haja ya kununua kitu. Ukipanda treni ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, simama na kutembea mara kwa mara. Baada ya safari, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukipata maumivu ya kifua na kukosa pumzi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna tabia nyingine inayowadhuru wazee wetu. Wengi, kwa kuogopa kubanwa na haja ndogo garini, hawanywi maji tangu jioni ya kuamkia safari. Wengine huacha vidonge vya presha vya kuongeza mkojo, nao hufika wanakokwenda presha imepanda na kichwa kinagonga. Usiache dawa. Muulize daktari kama unaweza kumeza kidonge hicho mkifika badala ya alfajiri. Kunywa maji kidogo kidogo njiani, na chagua gari linalosimama.

Mkifika

Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri. Sasa tazama mambo tunayofanya saa hizo. Tunaketi uani tukizungumza baada ya chakula. Tunakesha matangani, tumekaa kwenye viti chini ya turubai hadi usiku wa manane. Mstaafu ni mtu wa heshima; huketishwa mbele na hawezi kuondoka mapema. Sikuambii uache kuzika jamaa zako. Nakuambia uvae shati la mikono mirefu, suruali ndefu au leso inayofika miguuni, na soksi, kisha ujipake mafuta ya kufukuza mbu. Ukienda kulala, hata kama ni saa tisa za usiku, funga chandarua na kukichomeka chini ya godoro.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mtu mzee akiharisha hupungukiwa na maji upesi, na aliye katika dawa za kuongeza mkojo hupungukiwa upesi zaidi. Mkikosa pakiti za chumvi za hospitali, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ukoroge na kunywa kidogo kidogo. Vijiko viwe vya kusawazishwa, si vya kujaza mlima. Mwenye kisukari aweza kunywa maji hayo pia, ila apimwe sukari na kwenda zahanati bila kukawia.

Mkirudi Nairobi

Hapa ndipo watu hufa, na ndipo ningependa usome polepole.

Malaria haianzi siku ya kuumwa na mbu. Vijidudu hujificha katika ini kwanza. Dalili huanza kuonekana siku saba hadi 14 baadaye, na pengine hata baada ya mwezi au zaidi. Kwa hivyo mtu huugua akiwa amesharudi Buruburu, mizigo imefunguliwa, unga wa mahindi mapya umeanza kuliwa, na safari imesahauliwa. Joto la mwili likipanda husema ni mafua, ni baridi ya Nairobi au ni uchovu wa safari. Mzee naye huenda asipate joto jingi. Huweza kulegea tu, kukosa hamu ya chakula na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, na jamaa wakasema ni uzee.

Wengine hukimbilia duka la dawa na kupewa vidonge vya taifodi. Kipimo cha damu cha Widal, kinachotumika sana mitaani, mara nyingi huonyesha taifodi kwa mtu asiyekuwa nayo. Mgonjwa akitibiwa taifodi huku malaria ikiendelea, siku tatu za thamani hupotea. Wako pia wanaokumbuka klorokwini ya zamani. Serikali iliiondoa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998 kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeizoea.

Sheria ni hii: joto la mwili, maumivu ya kichwa, kutapika au kulegea ndani ya miezi mitatu baada ya kutoka pwani, magharibi au mahali pengine penye malaria ni malaria mpaka damu ipimwe. Pimwa siku hiyo hiyo, hata kama ulimeza dawa za kuzuia. Ikiwa kipimo hakionyeshi kitu na bado unaumwa, rudi kesho yake upimwe tena.

Ikipatikana mapema, tiba haina taabu. Hutumika vidonge vya artemetha na lumefantrini, ambavyo wengi huviita AL. Mtu mzima humeza vidonge vinne mara sita katika siku tatu, yaani vidonge 24, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili dawa iingie mwilini vyema. Mwambie daktari dawa zako nyingine, hasa za moyo. Vimalize vyote. Bwana akipata nafuu siku ya pili asimwekee bibi vilivyobaki, kwani atakuwa amejitibu nusu, na mwenzake hatatibika.

Mgonjwa akichanganyikiwa, akipata kifafa, akipumua kwa shida, akitapika kila anachomeza, akiwa na macho ya manjano au mkojo mweusi, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali kubwa usiku huo, kwa sababu anahitaji dawa ya sindano na kuangaliwa sukari ya damu, ambayo huweza kushuka ghafla.

Na ukifika mbele ya daktari au muuguzi, usingoje akuulize umetoka wapi. Foleni zetu ni ndefu, na mhudumu akiona anwani ya Umoja katika kadi huenda asifikirie malaria. Anza wewe: "Nilikuwa Busia, nililala huko siku kumi, na nilirudi tarehe fulani." Maneno hayo machache humwambia ni ugonjwa gani autafute kwanza. Wafundishe na watoto wako kuyasema, kwa sababu siku utakayoyahitaji zaidi huenda wewe mwenyewe usiweze kuzungumza.