Safari ya wawili: kila mmoja na nauli yake ya kurudi

Wiki hii najibu barua ya mke na mume vijana wa Rumonge, barua moja iliyoandikwa kwa mikono miwili. Wanataka kubeba mabegi mgongoni, washuke hadi Nyanza-Lac, wavuke mpaka, wafike Kigoma, wapande treni mpaka Dar es Salaam, kisha Unguja na Mombasa, na wasirudi mpaka miezi kadhaa ipite. Mume ameandika njia yote, kituo kwa kituo. Mke ameongeza mstari mmoja chini: "Dada, tukigombana huko ugenini, mimi nitafanyaje?"

Naanza na mstari wa mke, maana ukipata jibu, mengine yatapangika.

Mdogo wangu, kabla hujatoka Rumonge uwe na nauli yako ya kurudi nyumbani, na uishike mwenyewe. Pasipoti yako ikae kwenye begi lako, kadi yako ya chanjo vilevile, na simu yako iwe na laini yako. Shemeji naye afanye hivyohivyo. Najua katika nyumba nyingi mume ndiye hutunza karatasi zote kwenye bahasha moja, na sisi tunaita hiyo ni heshima. Njiani heshima hiyo ina hatari. Bahasha ikiibwa Tabora, nyote wawili mmebaki bila utambulisho. Na ipo hatari nyingine ambayo watu hawapendi kuitaja: mtu asiye na namna ya kurudi hawezi kusema hapana. Atalala chumba asichokiamini, atapanda gari la usiku asilolitaka, atakubali deni asilolijua, kwa sababu hana pa kwenda. Sisemi haya ili muachane njiani. Nayasema ili kila asubuhi mkiendelea mbele, muwe mmeendelea kwa hiari ya wote wawili. Mabaharia walituachia neno: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi marejeo yawekewe akiba kabla ya kuondoka.

Shemeji, sasa nakugeukia wewe. Njia umeichora vizuri, lakini sikuona bei hata moja. Kaeni chini na daftari mfungue mafungu matatu. La kwanza ni la pamoja: nauli, malazi, chakula. La pili ni la kila mmoja, dogo, lisiloulizwa limekwenda wapi. La tatu ni hizo nauli mbili za kurudi pamoja na fedha ya ugonjwa, na hilo haliguswi hata mkiona kitu kizuri namna gani kwenye soko la Darajani au Kariakoo. Mkubaliane tangu sasa: fungu la pamoja likibaki robo, mnageuza, pale pale mlipo, bila kulaumiana. Ugomvi mwingi wa njiani ni wa fedha ambazo hazikusemwa nyumbani.

Hesabu zenu zifanyeni kwa shilingi za Tanzania tangu mwanzo. Faranga yetu haitawafikisha mbali mkishavuka, na bei ya benki imekuwa mbali sana na bei ya mtaani kwa miaka sasa. Hesabuni shilingi mtakazozishika kweli mkononi. Tena wekeni siku za ziada kwa upande wetu wa mpaka, maana mnajua wenyewe mafuta yanapokosekana gari la Nyanza-Lac linaweza lisitoke.

Wakati mzuri ni kiangazi, Juni hadi Septemba, barabara zikiwa kavu. Lakini msisahau ziwa letu, Tanganyika. Nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana kulipumzisha, na Tanzania ilifunga uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024. Kwa familia inayoishi kwa ndagala na mukeke, miezi ya namna hiyo inawapa nafasi ya kusafiri lakini inawanyima kipato. Kama riziki yenu inatoka majini, akiba ianze mapema, kidogo kidogo, kwenye tontini au kwa mtu mnayemwamini. Msisafiri kwa fedha ya kukopa. Mkopo wa biashara ya mawese utalipwa na mawese. Mkopo wa safari utalipwa na nani?

Karatasi sasa. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kwa hiyo Tanzania na Kenya hamhitaji kununua viza. Pasipoti na mhuri ni lazima. Piteni Mugina, mtokee Manyovu, mgongewe mhuri, na msome siku mlizopewa. Msikubali njia ya panya hata akiijua binamu. Mkoa wa Kigoma umekuwa na kambi za wakimbizi Warundi kwa miaka, na wengi wa waliokimbia mwaka 2015 walipita kijiji cha Kagunga, hapo hapo ufukweni mwa ziwa. Mrundi asiye na mhuri akikamatwa nje ya kambi ana maelezo marefu ya kutoa, na hakuna atakayemwamini kwamba yeye ni mtalii. Mhuri wa mgeni pia hauruhusu kufanya kazi, kwa hiyo kama mna hesabu ya "tutashona nguo njiani tupate nauli," ifuteni kwenye daftari.

Chukueni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo aliyechanjwa zamani aitafute kadi yake. Na chukueni nakala ya cheti cha ndoa. Mnaikumbuka amri ya 2017 iliyowataka waishio pamoja Burundi wahalalishe ndoa kabla mwaka haujaisha. Basi hata nje ya Burundi ziko nyumba za wageni ambako mtaulizwa nyinyi ni nani kwa kila mmoja. Nakala hiyo inamlinda zaidi mke, maana maneno ya mapokezi humwangukia yeye.

Njia ya kurudi isichorwe kupitia Kigali bila kuuliza kwanza uhamiaji, kwa kuwa Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Na Shemeji, umeandika meli ya Liemba. Ni meli yenye historia, ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915, lakini miaka hii imekuwa kwenye matengenezo. Isiwe nguzo ya ratiba mpaka muithibitishe bandarini.

Mkishavuka Manyovu, sogezeni saa mbele kwa saa moja, la sivyo treni itawaacha. Kumbukeni pia kwamba sisi magari yetu huenda kulia na yao huenda kushoto. Mkivuka barabara, shikaneni mikono mpaka macho yazoee. Reli ya Kigoma hadi Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 1,200, na safari yake ni ya kulala njiani. Wenye haraka huweza kushuka Dodoma wakachukua treni ya umeme iliyoanza kufika huko mwaka 2024. Lakini nyinyi haraka ya nini?

Hapa nina jambo la moyoni. Mwaka 1885 alifika Ujiji mwanamke wa Kiingereza, Annie Hore, mke wa mmisionari Edward Hore. Alitoka pwani na mtoto mdogo, akibebwa na wapagazi kwenye kiti, na mwaka uliofuata alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, To Lake Tanganyika in a Bath Chair. Msafara wenye mama na mtoto ndani yake hauwezi kwenda kwa miguu ya mwanamume mwenye afya peke yake. Nyinyi hamna wapagazi, kwa hiyo fundisho ni kubwa zaidi kwenu: mwendo wa siku hupangwa na aliyechoka kuliko mwenzake. Leo atakuwa mke, kesho mume. Aliyechoka akisema "tulale hapa," hapo ndipo pa kulala, na mazungumzo yafanyike asubuhi.

Afya ya mke isiachwe mwishoni. Kama mnapanga uzazi kwa sindano ya miezi mitatu, hesabu tarehe kabla ya kuondoka ujue itakuangukia mji gani. Kama ni vidonge, beba vya safari nzima. Taulo za hedhi, chandarua, dawa ya kutibu maji na dawa unazotumia kila siku zitangulie kuingia begini kabla ya nguo. Homa ikipanda, pimeni malaria siku hiyohiyo. Kandokando ya ziwa msioge penye maji yaliyotuama na majani mengi, kichocho hukaa humo.

Kabla ya yote hayo, fanyeni jaribio. Pakieni mabegi kamili, kila mtu lake, mshuke msitu wa Kigwena, mlale Nyanza-Lac siku chache kwa fedha mliyojipimia tu, bila kumpigia simu shangazi awaokoe. Mtajua nani hukasirika akiwa na njaa, nani hukoroma, nani hutoa fedha bila kuhesabu. Begi litakaloumiza bega Kigwena litaumiza zaidi Tanga. Punguzeni.

Huenda wapo pia wazee watakaosema kutembea nchi za watu ni kazi ya mwanamume. Waendeeni wote wawili, mkae mkekani, muwaonyeshe daftari. Waambieni mtapiga simu siku gani na mtarudi mwezi gani, muombe radhi za pande zote mbili. Mzee anayepinga mara nyingi anaogopa asichokijua, na hesabu iliyoandikwa hupunguza hofu. Ufukwe wetu umepokea wasafiri tangu enzi za misafara ya Ujiji, na Kiswahili tunachozungumza Rumonge kilikuja na watu waliotembea. Hakuna aibu nanyi kutembea.

Lakini neno langu la kwanza ndilo la mwisho. Siku daftari litakapokuwa na nauli mbili za kurudi, moja kwa jina la mke na moja kwa jina la mume, ondokeni, na Mungu awatangulie. Ikiwa ipo moja tu, ahirisheni hadi kiangazi kingine. Rumonge na Kigoma hazihami.