Kishika uchumba kimetolewa, mkopo umekwama

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ushirombo. Mimi na mume wangu tuliandikishana na baba mmoja kununua nyumba yake mpya kwa milioni 34. Tukatoa kishika uchumba milioni 6, zilizobaki tumalize ndani ya miezi mitatu. Mume ana milioni 8, na mimi nilitegemea milioni 20 za benki kupitia mshahara. Benki imenikatalia: makato ya Bodi ya Mikopo pamoja na deni la zamani yananifanya nisibakiwe na theluthi. Zimebaki wiki tatu. Mume anataka nimpe kadi yangu ya benki mtu wa kausha damu atukopeshe. Mimi naona tuvunje mkataba, ila umeandikwa kwamba tukishindwa, haturudishiwi kitu. Naona aibu hata kupita mtaa ule. Nifanyeje?*
*Mwalimu, Ushirombo*

Mwanangu, kadi hiyo usiitoe. Naanza na hili kwa sababu mengine yote yanazungumzika. Mwenye kadi yako na namba ya siri ndiye anayepokea mshahara wako, na wewe unabaki kumwomba hela ya unga. Deni la milioni 20 kwa riba ya kausha damu litameza mshahara, kisha litaifuata nyumba yenyewe. Mwambie mume wako pia kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni. Najua anachoogopa ni kupoteza milioni 6. Lakini hasara ya milioni 6 ina mwisho.

Wala benki haikukuonea. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wako, lile deni la zamani nalo linakata sehemu yake, na mtumishi wa umma hatakiwi kukatwa mpaka akabakiwa na chini ya theluthi. Utaratibu huo unakulinda wewe na watoto wako.

Sasa chukua mkataba uusome taratibu. Je, kuna mahali pameandikwa kwamba mtamalizia kwa mkopo wa benki, na kwamba mkopo usipopatikana mauziano yanakufa? Kama pameandikwa, mko pazuri: sharti likishindikana mkataba unakoma, na aliyepokea pesa anapaswa kuirudisha. Kama hakuna neno la benki, nisikudanganye. Sheria ya Mikataba haihesabu kukosa pesa kuwa jambo lililoshindikana, hata kama hukukosa kwa uzembe. Mtakuwa ninyi mmevunja ahadi.

Hata hivyo, kuvunja ahadi hakumpi muuzaji ruhusa ya kudai chochote anachotaka. Sheria hiyo hiyo inamlipa aliyeumia kwa hasara iliyotokana kweli na kuvunjika kwa mkataba, na inamtaka naye ajitahidi kuipunguza. Kiasi kilichotajwa kwenye mkataba kuwa fidia ndicho kikomo, na mahakama inaweza kutoa pungufu yake. Hapo ndipo maneno ya mkataba wenu yana uzito. Fedha iliyoandikwa waziwazi kuwa ni ya kushikia ahadi inaweza kubaki kwa muuzaji. Ikiandikwa kuwa ni sehemu ya malipo ya nyumba, mna nguvu zaidi ya kudai sehemu irudi. Mpelekeeni wakili mkataba ausome kabla hamjaenda kwa muuzaji, au mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa kama pesa ya wakili haipo.

Kisha nendeni kwake, wewe na mume wako, pamoja na mmoja wa mashahidi waliosaini. Msimpigie simu, wala msizime simu mkasubiri tarehe ipite. Mwelezeni ukweli na mwonyesheni jibu la benki. Yeye naye huenda amekwisha kuzitumia hizo milioni 6. Huko kwenu fedha haikai kabatini, inaingia kwenye duara la wachimbaji au kwenye mahindi. Kwa hiyo msidai zote siku ile ile. Ombeni arudishe sehemu atakapouza, na mjitolee kumtafutia mteja. Ushirombo iko kwenye barabara kuu ya Isaka kwenda Lusahunga, wachimbaji na wafanyabiashara wanapita kila siku, nyumba mpya haikosi wa kuiulizia. Akiuza kwa bei ile ile, hasara yake ni ndogo, na mzee mwenye busara ataliona hilo.

Mkikubaliana, andikeni upya: kiasi kinachorudi, tarehe, na kwamba hakuna anayemdai mwenzake zaidi ya hapo. Wote msaini, pamoja na mashahidi. Mkishindwana, anzieni baraza la kata. Tangu 2021 kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni kupatanisha, na kwa jambo lenu upatanisho ndio unaotakiwa.

Kuhusu aibu, mwanangu: hukumwibia mtu. Uliomba mkopo kwa njia halali, ukanyimwa. Kinachoweza kumuumiza yule baba ni kuendelea kuwasubiri huku akiwarudisha wateja wengine, kwa hiyo msingoje hizo wiki tatu ziishe. Nendeni Jumapili hii.