Kabla ya Kusambaza: Somo la Isnadi



Ndugu mwanafunzi, zamani maneno hayakufika kwa watu ila kwa taabu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, msomaji mwenye shaka alijua amuulize nani.

Leo mambo yamegeuka. Mwaka 2001 ilianza Wikipedia, ambayo msomaji naye aweza kuihariri. Mwaka 2009 ikaja WhatsApp. Na tangu Novemba 2022, ilipotolewa ChatGPT, mashine nayo hutunga makala kwa lugha tamu, na mara nyingine hutaja kitabu kisichokuwepo.

Hatari iko wapi? Unapokea ujumbe: "Mtume (S.A.W.) kasema hivi, wapelekee watu kumi upate thawabu." Hakuna mpokezi wala kitabu kilichotajwa. Ukiupeleka nao ni wa uongo, umeshiriki kumzulia Mtume (S.A.W.), naye ametuonya kuwa malipo ya kumzulia kwa makusudi ni Moto. Tena ametufundisha kuwa yatosha mtu kuwa muongo kwa kusimulia kila alisikialo.

Dawa tunayo. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha kuhakikisha habari inayoletwa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, aliichunguza isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, mtu baada ya mtu. Basi nasi tujiulize:

1. Nani kasema, na anajulikana kwa ukweli?
2. Kaitoa wapi? Kitabu gani, hadithi namba ngapi?
3. Je, nimekifungua kitabu, au nimemuuliza ustadhi?
4. Hata ikiwa kweli, kuisambaza kuna faida, au kutamvunjia mtu heshima?

Mwaka 2019 wenye WhatsApp waliweka kikomo: ujumbe usipelekwe mbele kwa zaidi ya watu au vikundi vitano kwa mara moja. Lakini kikomo cha Muislamu ni kumcha Mungu, hata akipeleka kwa mtu mmoja.

Nanyi wazazi, mtoto akikuulizeni, "Hii ni kweli?" msimkaripie. Ameuliza swali la wanavyuoni.

Zoezi: Chukua ujumbe mmoja wa dini uliopo katika simu ya nyumbani. Utafutie asili yake, kisha umwonyeshe ustadhi wako.

Wabillahi tawfiq.