SOMO LA ROBO HII: Usukani Unapolia, Tusikimbilie Kununua Pampu



Gari la parokia ni mali ya wote. Pikapu moja hubeba mahindi ya shule, dawa za zahanati, saruji ya ujenzi na wakati mwingine mgonjwa. Linapopata hitilafu, kamati hutakiwa kuamua haraka, mara nyingi kwa kutegemea neno la fundi peke yake. Katika somo hili tunaangalia hitilafu moja inayojitokeza sana: gari kulia "wiii" dereva anapokata usukani. Lengo letu si kuwafanya wanakamati kuwa mafundi, bali kuwasaidia kuuliza maswali yanayofaa kabla fedha hazijatoka.

Kwa nini usukani hulia?

Pikapu nyingi zina usukani unaosaidiwa na oili. Pampu inayozungushwa na injini kwa fani belti husukuma oili kwa nguvu hadi kwenye boksi la usukani, na hivyo dereva hugeuza magurudumu kwa wepesi. Oili hiyo hurudi kwenye kopo lake na kuanza safari upya. Ikipungua, pampu hufyonza hewa pamoja na oili. Mapovu hayo ndiyo yanayolia, na wakati huohuo yanaila pampu kwa ndani.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Oili ya usukani haitumiki ikaisha kama dizeli. Inazunguka mahali pamoja. Ikipungua, imevuja. Waswahili husema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini kwa gari sivyo. Kopo moja la oili kila mwezi huonekana gharama ndogo kwenye daftari, na kamati hupitisha bila swali, kumbe pampu inakufa taratibu.

Katikati ya Dar es Salaam hatari yake huonekana upesi. Katika mitaa ya Kariakoo kama Msimbazi, Mkunguni na Sikukuu, dereva mwenye mzigo huenda polepole na kukata kona kali kati ya mikokoteni, bodaboda na wachuuzi. Gari linapokwenda polepole ndipo pampu hufanya kazi kubwa zaidi. Paipu ikipasuka katika msongamano huo, usukani huwa mzito ghafla, na watu wako hatua moja tu kutoka kwenye bampa. Tena, oili ikidondokea ekzosi yenye moto inaweza kuwaka.

Hatua za uchunguzi

1. Sikilizeni. Mlio unaopanda usukani unapokatwa huelekeza kwenye oili au pampu. Kelele kali ya kukwaruza, hasa gari linapowashwa, mara nyingi ni fani belti iliyolegea au kuchakaa. Mlio mdogo usukani ukifika mwisho kabisa ni wa kawaida, lakini dereva asiubane hapo kwa zaidi ya sekunde chache.

2. Pimeni oili, gari likiwa mahali tambarare. Je, imeshuka chini ya alama? Ina mapovu? Imekuwa nyeusi au inanuka kuungua?

3. Tafuteni panapovuja. Tandikeni boksi la karatasi chini ya gari usiku kucha. Kagueni pampu, maungio ya paipu na mipira ya boksi la usukani. Klipu iliyolegea kwenye paipu inayoingia kwenye pampu inaweza kuvuta hewa hata bila kudondosha oili.

4. Rekebisheni uvujaji, kisha wekeni oili sahihi. Someni kifuniko cha kopo au kitabu cha gari. Toyota Hilux nyingi hutumia oili ya gia otomatiki aina ya Dexron. Magari mengine hutumia oili tofauti. Oili ya breki isitiwe kamwe, kwani huharibu sili za mpira.

5. Toeni hewa. Magurudumu ya mbele yainuliwe kwa jeki na gari likae kwenye stendi imara. Injini ikiwa imezimwa, usukani uzungushwe taratibu toka mwisho hadi mwisho mara kumi au zaidi, huku oili ikiongezwa inaposhuka. Kisha injini iwashwe na zoezi lirudiwe hadi mapovu yaishe.

6. Mlio ukiendelea baada ya hayo yote, ndipo pampu ishukiwe.

Tukilazimika kununua

Gerezani na Kariakoo kuna spea mpya na za mtumba. Fundi aende na pampu ya zamani pamoja na namba ya chesisi, alinganishe puli na maungio ya paipu. Mnunuzi adai risiti ya EFD. Mashine hizo zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na risiti yake humpa mfadhili ushahidi wa matumizi. Akiuziwa spea bandia, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani, FCC. Kabla ya kufunga pampu, oili chafu imwagwe yote na kopo pamoja na chujio lake lisafishwe. Pampu mpya ikifungwa kwenye oili yenye chembe za chuma itakufa kama ile ya kwanza, na parokia italipa mara mbili.

Wajibu wa kamati

Tunapendekeza daftari la gari liwe na safu ya oili ya usukani: tarehe, kiasi kilichoongezwa na sahihi ya dereva. Ikiongezwa mara mbili katika robo moja, gari lipelekwe kukaguliwa. Vilevile kamati isipitishe ununuzi wa pampu bila fundi kueleza kwa maandishi mahali oili ilikovujia.

Maswali ya kujadili

1. Je, dereva wetu yuko huru kutoa taarifa ya mlio mdogo bila kuogopa kulaumiwa?
2. Mara ya mwisho tuliponunua spea, tuliuliza chanzo cha uharibifu?
3. Someni Mathayo 25:14-30. Gari tulilokabidhiwa ni talanta ya namna gani?